Mifuko 400 kwa safari moja: kisa cha stoo ya saiti Kigoma

Jengo ni la madarasa mawili yenye ofisi ya walimu katikati. Liko kwenye mteremko wa udongo mwekundu, Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na ziwa linaonekana kwa chini, kama mita 300 hivi. Kisa ni cha mfano: vipimo na hesabu zimepangwa zilingane na jengo la ukubwa huo, na makosa ni yale yale yanayojirudia saiti baada ya saiti. Ndiyo maana hakuna mkandarasi wala shule inayotajwa.

Mkandarasi, wa daraja la chini, alikabidhiwa eneo mwishoni mwa Agosti akataka kuwahi mvua za Oktoba. Akaagiza saruji yote kwa lori moja, mifuko 400 ya kilo 50, yaani tani 20. Gari la pili likaleta bati 120 za geji 28, nondo na mbao za kenchi. Katikati ya Septemba kila kitu kilikuwa saiti. Wakati ule hakuna aliyemlaumu. Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam kwa reli, na mtu aliyezoea kuambiwa "mzigo uko njiani" wiki mbili mfululizo huona ni ujanja kuwa na vitu uwanjani.

Kufikia mwisho wa Novemba mifuko 61 ilikuwa imeganda, kibarua mmoja amevunjika mguu, bati zimeingia kutu nyeupe, na mpishi wa saiti alikuwa anapikia vibarua ugali kwa mbao zenye aseniki, ambayo ni sumu. Ukisoma taarifa ya saiti utaona mambo manne tofauti. Sisi tunasema ni jambo moja. Mzigo ulikuja wote kabla haujapangiwa mahali pa kukaa, na lililofuata lote lilitokana na hilo.

Stoo ilivyokuwa

Stoo ilijengwa kwa siku moja: mirunda, bati chakavu, mita 3 kwa 4. Iliwekwa upande wa chini wa kiwanja kwa sababu lori lilifika hapo bila shida. Sakafu ilikuwa udongo uliotandikwa vipande vya marine (plaiwudi) vilivyobaki saiti nyingine. Karibu theluthi moja ya nafasi ilishikwa na toroli, mabeleshi, misumari, madumu ya oili chafu ya kupaka fomu (mbao za kumwagia zege), rangi na dawa ya mchwa.

Mfuko mmoja wa saruji ukilazwa hula kama mita za mraba 0.3. Mita za mraba 8 zilizobaki zilitosha marundo 26 tu. Gawa 400 kwa 26, unapata mifuko 15 hadi 16 kwenda juu, karibu mita mbili na nusu, ikiwa imeegemea bati pande tatu na bila njia ya kupita katikati.

Sasa fanya hesabu inavyotakiwa. Acha sentimita 30 kutoka kila ukuta, toa njia ya sentimita 60, panga mifuko 10 tu kwenda juu. Stoo ile ile, ikiwa tupu kabisa, inabeba marundo 22, yaani mifuko 220. Kwa mifuko 400 ilihitajika stoo ya mita za mraba 20 au zaidi, ya saruji peke yake. Hesabu hii inafanyika nyuma ya risiti kwa dakika tano, na inatakiwa kufanyika kabla ya kulipia lori, maana lori likishafika hakuna dereva atakayekusubiri ujenge stoo ya pili.

Kuna kitu kingine ambacho huwa hakiandikwi kwenye taarifa. Washushaji walilipwa kwa mfuko. Anayelipwa kwa mfuko hupanga kwa kasi ya kushusha: mifuko yote inaelekea upande mmoja, mmoja juu ya mwingine, kama nguzo zilizosimama bila kushikana. Rundo salama hufungwa kama tofali ukutani. Safu ya kwanza mifuko inalala kwa urefu, safu inayofuata inalala kwa upana, na kila safu inakalia maungio ya ile ya chini. Kazi hiyo inaongeza muda, na muda huo lazima ulipiwe. Mkandarasi mwenye akili huweka malipo mawili: ya kushusha, na ya kupanga yakishakaguliwa.

Maji yalipoingia

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha usiku, katikati ya Oktoba. Paa halikuvuja. Maji yalitoka juu ya mteremko, yakapita chini ya bati la ukuta wa nyuma na kulowesha udongo chini ya marine. Asubuhi sakafu ilionekana kavu kwa mbele, mlangoni, ambako ndiko mtunza stoo alikuwa anasimama na daftari lake. Nyuma hakuna aliyeweza kufika kwa kuwa njia haikuwepo.

Mifuko ikawa inatolewa mbele tu. Msingi na jamvi, yaani zege la sakafu, vikala mifuko 190 na kidogo. Ilipofika zamu ya lenta, mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ndipo mafundi wakakutana na mifuko ya nyuma: 26 ya safu za chini imeganda kama mawe, 14 ya safu iliyofuata nusu nusu, na 21 iliyogusa bati imeganda upande mmoja. Hiyo 21 ndiyo huwashangaza watu, kwa sababu haikuguswa na maji ya mvua. Bati hupoa usiku, unyevu wa ndani ya stoo hugeuka matone kwenye bati, na mfuko uliobanwa hapo hunyonya. Mwezi mmoja wa usiku wa namna hiyo unatosha.

Tiba yake haina gharama ya kutisha. Stoo ikae upande wa juu, au popote maji yasipoelekea, hata kama vibarua watatembea mita 20 zaidi. Mtaro wa sentimita 30 kwa 30 uchimbwe upande wa mlima, uzunguke stoo na kutoka pembeni. Sakafu iinuliwe sentimita 15 hadi 20 kwa mirunda iliyolazwa na mbao juu yake, na nailoni nzito itandikwe juu ya mbao kabla ya mfuko wa kwanza. Mifuko ibanane yenyewe kwa yenyewe ili hewa isizunguke kati yake, lakini isiguse ukuta. Masika nailoni nyingine ifunike rundo lote mpaka chini. Stoo ya saruji haihitaji madirisha, na mlango ufungwe kila baada ya kutoa. Wanaosema stoo ipigwe upepo wanachanganya saruji na mahindi.

Mguu uliovunjika

Siku ya kutoa saruji ya lenta, rundo lililobaki lilikuwa na uso wima wa mifuko 13, juu zaidi ya kichwa cha mtu. Saidia fundi alisema wa juu haufikii. Jibu lilikuwa la kawaida kabisa: "Vuta huo wa katikati, tunachelewa." Akavuta. Mifuko tisa ikaja kwa pamoja, kilo 450, na mmoja ukamponda mguu chini ya goti. Miwili ilipasuka, vumbi likamwingia machoni mwenzake aliyekuwa mlangoni.

Huyu wa pili alipelekwa kunawa kwenye pipa la maji ya kuchanganyia zege. Pipa hilo huchotewa kwa ndoo zenye mabaki ya saruji, kwa hiyo maji yake yenyewe yanawasha. Saruji ikikutana na maji huwa na ukali wa pH 12 hadi 13, na machozi nayo ni maji. Macho yanatakiwa kuoshwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatisha, kope zimefunguliwa kwa vidole, ndipo safari ya hospitali ianze. Dumu mbili za lita 20 zilizofungwa, zenye maji safi, zilizoandikwa MACHO na zisizoguswa kwa kazi nyingine, zinatosha saiti ya ukubwa huu. Saiti nyingi hazina hata moja, na ziko mita 300 kutoka Ziwa Tanganyika.

Rundo hushushwa kama ngazi. Unatoa wa juu kwanza, unateremka safu kwa safu, na uso wa mbele hauachwi wima kupita kifua. Ndiyo sababu nyingine ya kikomo cha mifuko 10: mtu wa kimo cha kawaida anaufikia wa juu bila kupanda kitu. Kilo 50 ibebwe na watu wawili wakati wa kunyanyua kutoka chini, kisha ikae kwenye toroli au begani. Wanaojisifu kubeba miwili kwa mpigo waachiwe sifa hizo nje ya geti.

Majeruhi alipelekwa hospitali, na hapo ikajitokeza kasoro ya karatasi. Jina lake halikuwa kwenye daftari la mahudhurio la siku ile. Vibarua walihesabiwa kwa vichwa tu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali, na madai ya fidia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi yanaanza kwa kuonyesha kuwa mtu alikuwa kazini. Bila jina daftarini, jambo hilo peke yake ni kesi.

Saruji ipi itupwe

Fundi mkuu alitaka kuponda mabonge yote na kuyapiga kwenye plasta. Msimamizi wa halmashauri akasema yote yatupwe. Wote wawili walikosea kidogo.

Mfuko mgumu wa chini ya rundo huweza kuwa umebanwa tu na uzito wa juu. Ulaze, uviringishe sakafuni mara nne au tano. Ukilegea na kurudi kuwa unga, ni mzima. Usipolegea, fungua na chukua bonge kwa vidole viwili. Likivunjika na kuwa unga laini, chekecha. Unga huo ni wa zege la chini ya msingi, kujengea tofali za ukuta usiobeba, au kusakafia njia. Usitumike kwenye lenta, nguzo wala boriti za zege, kwa kuwa nguvu iliyopotea hairudishwi na chekeche. Bonge likikataa kuvunjika kwa vidole, hiyo si saruji tena. Kuponda jiwe kwa nyundo kunakupa mchanga wa bei ghali.

Hata saruji iliyokaa vizuri huchoka. Makadirio yanayotumiwa sana na wahandisi ni kupungua nguvu kwa takriban asilimia 20 baada ya miezi mitatu stoo, na zaidi hali ya hewa ikiwa na unyevu. Kwa hiyo kila rundo liandikwe tarehe ya kufika, kwa chaki kwenye kibao, na la zamani litoke kwanza.

Kwa mifuko 61, uamuzi uliofaa ulikuwa huu: 26 na sehemu ngumu za mingine zimwagiwe maji zimalizike kuganda, zivunjwe kwa nyundo, zitumike kama mawe ya kujazia kwenye njia ya miguu na chini ya tangi la maji. Saruji iliyoganda kabisa haina madhara kwa udongo. Ile nusu nusu ndiyo haitakiwi kuachwa wazi, kwa kuwa mvua inapeleka ukali wake mtaroni, na mtaro unapeleka ziwani. Mifuko mitupu, hasa ya kiroba, isigawiwe kwa wabeba mkaa kabla ya kukung'utwa ndani ya shimo la saiti. Wakiipata na vumbi lake wataenda kuifulia ufukweni.

Bati na nondo

Bati zilirundikwa chini, bapa, zikafunikwa turubai lililofungwa kamba pande zote. Hilo ndilo lililoziharibu. Unyevu uliingia katikati ya bati na bati, hewa ikakosa njia, zinki ikatoa unga mweupe. Bati zikae juu ya mbao, upande mmoja umeinuliwa ili maji yateremke, turubai lisimame kama hema na ncha mbili ziwe wazi. Zikilowa, zitenganishwe na kufutwa siku hiyo hiyo. Unga mwepesi hausumbui. Palipokuwa peusi, bati hilo liende paa la choo au stoo.

Nondo hazikuleta kesi. Zilikaa juu ya mirunda, zimetenganishwa za milimita 8, 12 na 16. Ncha zilizosimama kwenye msingi ndizo zilikuwa wazi, na chupa ya maji iliyochomekwa ni alama tu ya kuonekana. Haizuii mtu kuchomwa akianguka. Ncha ikunjwe au ifungiwe ubao juu.

Kuni za kijani

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa sababu hakuna aliyelalamika.

Mbao za kenchi zilikuwa za msonobari zilizotiwa dawa kwa mgandamizo. Rangi yake ya ukijani ni ya shaba. Pamoja nayo kuna kromi na aseniki. Ukiwa kwenye paa ubao huo hauna shida na mchwa anaukimbia. Ukichomwa, sehemu ya aseniki inatoka na moshi na iliyobaki inajikusanya kwenye majivu.

Mama ntilie wa saiti alikuwa na makubaliano ya kawaida: anauza chakula, na vipande vya mbao anaokota bure. Kenchi zilipoanza kukatwa, vipande vya sentimita 20 hadi 40 vilijaa. Vikavu, vinashika moto haraka, nani asivipende? Akapikia ugali na migebuka kwa wiki tatu. Majivu aliyasugulia sufuria. Yaliyobaki aliyamwaga nyuma ya jiko, kuku wa jirani wakayaparura. Jioni alifunga mzigo mmoja wa kuchemshia mawese nyumbani.

Kumkataza bila kumpa mbadala ni kupoteza maneno. Mkandarasi aweke gunia la mkaa la kila wiki kwenye gharama za saiti, jambo dogo kuliko toroli moja. Vipande vya kijani viingie kwenye viroba vilivyofungwa siku ile ile ya kukata, pamoja na vumbi la msumeno, na mashine ya kukatia iwe juu ya turubai ili vumbi likusanyike. Vipande vinavyofaa virudi kwenye jengo: vigingi vya kushikia dari, vipande vya kuunganishia kenchi. Vinavyobaki viende dampo la manispaa kwa makubaliano na bwana afya, vifukiwe, visiwe karibu na kisima wala bustani. Na kabla ya hayo yote, orodha ya vipimo vya kukata ikiandikwa kabla ya kuagiza, ubao wa futi 12 unaweza kutoa vipande viwili vya kenchi badala ya kimoja na kipisi. Kipisi ambacho hakikuzaliwa hakihitaji dampo.

Majivu ya nyuma ya jiko yalizolewa pamoja na udongo wa juu, sentimita tano hivi, yakafungwa kwenye viroba viwili. Sufuria zilioshwa upya kwa sabuni. Hilo lilifanyika haraka kuliko kila kitu kingine kwenye saiti ile, mara tu vibarua walipoambiwa aseniki ni nini.

Dumu la dawa ya mchwa

Dawa ilinyunyizwa kabla ya jamvi. Madumu matatu ya lita 5 yakabaki stoo, mawili matupu, moja lina robo. Lililo tupu ni hatari zaidi kwa Kigoma, kwa sababu dumu la lita 5 lenye kizibo kizuri ndilo chombo cha mawese. Lilishaombwa mara mbili.

Dumu linaoshwa wakati wa kupulizia, si baada ya mwezi. Tia maji safi hadi robo, funga, tikisa nusu dakika, mwaga ndani ya pampu ile ile ya kunyunyizia. Rudia mara tatu. Kisha toboa chini kwa msumari na kata mdomo, ili hata mtu akiliokota lisimfae. Dawa iliyobaki ibaki kwenye dumu lake lenye lebo, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na saruji, chakula na nguo za vibarua. Kamwe isihamishiwe chupa ya soda. Saiti nyingine itakayonyunyizwa ndiyo njia bora ya kuimaliza, kwa kipimo cha lebo.

Maji ya kuoshea

Toroli, makarai na mikono vilioshewa kando ya mtaro wa barabara. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli zinazoweza kuathiri ziwa ndani ya mita 60. Saiti hii iko mbali zaidi ya hapo, lakini mtaro ule unaufuta umbali huo mvua ikinyesha. Shimo la mita 1.5 kwa 1.5, kina nusu mita, limetandikwa nailoni, lilitosha. Maji yakitulia usiku kucha yanachotwa juu kuoshea vifaa kesho yake. Tope la chini likiganda linachongwa na kujaziwa njia. Oili chafu ikae kwenye karai pana linalobeba ujazo wote wa dumu endapo litapasuka, na fomu zipakwe zikiwa juu ya turubai.

Mzigo ungekujaje

Tuchukue kwamba safari moja iliokoa sehemu moja ya ishirini ya bei kwa kila mfuko. Kwa mifuko 400 hiyo ni sawa na bei ya mifuko 20. Iliyoganda ni 61. Hapo mguu haujahesabiwa.

Kuagiza kidogo kidogo nako hakufai Kigoma: barabara ikileta shida, mafundi wanakaa bure. Kwa jengo hili, safari mbili zingetosha. Mifuko 200 Septemba, kwa msingi na jamvi, inayoisha ndani ya wiki sita. Mifuko 200 iliyobaki ije ukuta ukifika usawa wa lenta, nayo ilale ndani ya ofisi ya walimu iliyokwisha kumwagwa jamvi, chini ya bati zitakazoezekwa kwanza upande huo. Bati na mbao zije na safari hiyo ya pili, si ya kwanza. Kwa mpango huo stoo ya mirunda ingebaki na mifuko 200 tu, vifaa vingehamia kibanda cha mlinzi, na dawa ingepata sanduku lake.

Kilichofanyika kweli Desemba ni nusu ya hayo. Mifuko 60 ya ziada ilinunuliwa mjini kwa bei ya rejareja, ikawekwa ndani ya ofisi kwenye mbao zilizoinuliwa, marundo sita ya mifuko 10, tarehe kwa chaki. Mtunza stoo alipewa mamlaka ya kukataa kutoa mfuko kwa mtu anayevuta wa katikati. Alikataa mara ya kwanza siku ya tatu, na aliyekataliwa alikuwa fundi mkuu.